Geji Inasoma Bar 3, Lakini Petroli Iko Wapi?

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Fundi, presha ya pampu yangu ni bar 3, tundu la mpira wa mafuta ni milimita 8. Nitegemee lita ngapi kwa dakika?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilohilo liliwahi kuninyang'anya mteja, na mpaka leo nikimkumbuka roho inaniuma.

Gari lake kwenye tambarare lilikwenda vizuri tu. Likianza kupanda mlima linaishiwa pumzi, ukizidi kukanyaga ndio linazidi kusinzia. Nikafunga geji kwenye reli ya nozeli, yaani bomba linalogawia petroli zile nozeli zinazoipulizia injini, injini ikiunguruma bila kukanyagwa: bar 3 kamili. Mwenye gari akauliza kama petroli inafika. Mimi, kwa kujua kwangu, nikatoa daftari.

Nilitumia kanuni ya Poiseuille, yule daktari Mfaransa aliyechunguza vimiminika vinavyopita kwenye mirija myembamba. Nikaweka bar 3, mpira wa mita 2, tundu la milimita 8 na mnato wa petroli. Jibu likaja lita 30. Kwa sekunde! Tangi la lita 60 lingekauka kabla hujafunga mkanda. Mtu mwenye akili angeirarua ile karatasi. Mimi nilimwonyesha mteja kwa fahari: "Unaona? Petroli imezidi."

Zile plagi, koili na kusafisha nozeli vilivyofuata naviruka. Mlima ulibaki uleule. Mwisho akalihamishia gari kwa mzee mmoja ambaye hata kikokotoo hana. Nilipita pale kama mtu anayekwenda zake, kumbe nimekwenda kuchungulia. Mzee hakunisema. Alinipa kipande cha mpira alichokipasua kwa wembe: nje kizima, kinang'aa, ndani utando umebanduka kama ngozi ya kidonda na ulimi wake umelala katikati ya tundu. Ukiusukuma kwa kidole unainuka, ukiuachia unarudi.

Kosa langu halikuwa hesabu. Bar 3 za kwenye geji si nguvu inayopitisha petroli mpirani. Kinachosukuma ni tofauti ya presha kati ya ncha mbili za mpira, na kwenye mpira mzima wa namna ile, petroli ikipita lita 2 kwa dakika, tofauti hiyo ni kama bar 0.01 tu. Presha nyingine yote inazuiwa na regyuleta (kidhibiti cha presha) na nozeli kule mbele. Tena kanuni ile ni ya mtiririko uliotulia, na petroli kwa kasi hiyo haijatulia, inavurugika. Injini ikiwa haina kazi inakunywa kidogo, kwa hiyo hata mpira ulioziba unatosha na geji inasoma vizuri; ukikanyaga, petroli inayopita haitoshi na presha inaporomoka.

Kwa hiyo, ndugu yangu, pima. Mpira wa kurudisha mafuta tangini uelekeze kwenye chombo chenye alama, washa pampu peke yake injini ikiwa imezimwa, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Fanyia nje, mbali na moto na cheche, wala usiwe na sigara. Usiuchomoe mpira wa pampu ukaiacha imwage hewani: pampu isiyo na mzigo inadanganya. Mzee alipopima hivyo alipata mililita 100, yaani lita 24 kwa saa. Injini ya kilowati 75 ikikanyagwa mpaka chini inataka kama lita 30.

Ukitaka kasi ya mafuta mpirani, hapo hesabu inafaa: gawanya mtiririko kwa eneo la tundu. Tundu la milimita 8 lina milimita za mraba 50. Kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde unapitisha lita 3 kwa dakika. La milimita 6 halifiki 2. Na upime tundu, si unene wa mpira kwa nje, tena upime na kiungio, maana mara nyingi chenyewe ndicho chembamba kuliko vyote. Pima, jamani. Tunapenda mno kuongeza presha. Ukiitoa nozeli kwenye bar 3 ukaipa 4, hupati theluthi zaidi, unapata kama asilimia 15, kwa sababu mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha presha. Mafundi wenzangu, tuache kuwasomea wateja geji kama waganga wanaopiga ramli. Nasema hivi nikiwa nimeshapiga ramli hiyo.

Yule msomaji jana kanijibu. Kapata mililita 200 kwa sekunde 15, na sasa anauliza anunue pampu ya aina gani. Filta umeibadilisha lini, ndugu yangu?