TV inauliza "Antena" au "Kebo": nichague ipi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimenunua TV ya inchi 43, nyuma pameandikwa DVB-T2/C/S2. Antena ya juu ya bati inashuka kwa waya hadi kwenye TV, kwa hiyo kwenye menyu nikachagua "Kebo". Ikatafuta karibu nusu saa, chaneli sifuri. Baadaye nikavutiwa waya wa kampuni ya kebo ya hapa mtaani, nikachagua "Antena", sifuri tena. TV ni mbovu? Na je, naweza kuunganisha vyote viwili kwa pamoja?
Msomaji, Tanga

JIBU: TV yako ni nzima. Umechagua kinyume mara zote mbili, na kosa hili ni la kawaida kwa sababu neno lenyewe linapotosha. "Kebo" kwenye menyu haimaanishi waya unaoingia nyuma ya TV. Waya wa antena na waya wa kampuni kwa kawaida ni aina ileile, RG-6 ya ohm 75, na vyote vinaingia tundu lilelile. TV inakuuliza mawimbi yametoka wapi, angani au kwenye mtambo wa kampuni, kwa sababu jibu lako hubadilisha mambo mawili: masafa inayoyapekua na namna inavyoyafumbua.

Matangazo ya antena hukaa UHF (ukanda wa masafa ya TV), kuanzia MHz 470 hadi 694, yakiwa yamekatwa vipande vya MHz 8 vyenye namba 21 hadi 48. Ukitaka kujua masafa ya kipande, zidisha namba yake kwa 8 kisha ongeza 306: cha 21 ni MHz 474, cha 48 ni MHz 690. (Hizo si namba za rimoti, kipande kimoja hubeba stesheni nyingi.) Kwenye kebo mawimbi yamefungiwa ndani ya waya, kwa hiyo kampuni inaweza kutumia hata masafa ambayo angani ni ya redio za ndege. Mitambo mingi hutumia kuanzia MHz 110 hivi mpaka 862. Ukiwa umechagua Antena, sehemu kubwa ya hapo TV haigusi kabisa.

Lakini hata pale masafa yanapolingana kabisa, bado haitashika. Mawimbi ya angani hugonga mabati, maghorofa na minazi yakafika kwa mwangwi, ndiyo maana DVB-T2 (mfumo wa antena) huigawa data kwenye maelfu ya mawimbi madogo ili mwangwi usiiharibu. Ndani ya waya hakuna fujo hiyo, kwa hiyo DVB-C (mfumo wa kebo) hutumia wimbi moja lililosheheni, kwa mtindo wa QAM (namna ya kupakia data kwenye wimbi) 64 au 256. Kifumbuzi cha T2 kikipewa wimbi hilo la kebo kinaona kelele tu, na kinyume chake ni hivyohivyo.

Sasa fanya hivi. Waya wa antena ukiwa umechomekwa: Antena, kisha utafutaji wa dijitali. Kama antena yako ina kikuza mawimbi kinachokula umeme wa volti 5 kutoka kwenye TV, washa kipengele hicho. Ukihamia kebo kizime. Waya wa kampuni ukiwa umechomekwa: Kebo, halafu utafutaji kamili, si ule wa haraka. Wa haraka hutegemea taarifa za mtandao ambazo kampuni ndogo mara nyingi hazijaziweka sawa. Ukikwama, mwombe fundi wao vitu vitatu: masafa, QAM, na ile SR (symbol rate, yaani kasi ya alama za data) ambayo mafundi wa dishi wanaijua. Kwa kebo SR huwa 6875 au 6900. Ukikosea hapo, chaneli hazitokei hata mawimbi yakiwa na nguvu.

Angalia pia mstari wa "Nchi". TV nyingi hazina Tanzania kwenye orodha, na ukichagua baadhi ya nchi, chaguo la Kebo au T2 hutoweka. Jaribu nchi nyingine kabla ya kulaumu tyuna (sehemu ya TV inayopokea mawimbi).

Kebo nyingine za mitaani bado ni analojia. Hapo tafuta ATV (chaneli za analojia). Picha ikija safi bila sauti, badili mfumo wa sauti: B/G hubeba sauti MHz 5.5 juu ya picha, I MHz 6, D/K MHz 6.5.

Chaneli zikionekana kwenye orodha lakini zinasema zimefungwa, tyuna imemaliza kazi yake. Kilichobaki ni king'amuzi na malipo.

Kuhusu kuunganisha vyote viwili: usigeuze splita (kigawa mawimbi) ukaziingiza waya mbili kwa pamoja. Kebo nayo hutumia MHz 470 hadi 694, zitagongana, na mawimbi ya kampuni yatapanda hadi kwenye antena yako na kurushwa kwa majirani. Nunua swichi ya A/B (ya kuchagua waya mmoja kwa wakati), au king'amuzi kipite HDMI na antena ibaki kwenye tundu. Hata splita ikitumika vizuri, ya njia mbili hupunguza mawimbi kwa takriban dB (desibeli, kipimo cha nguvu ya mawimbi) 3.5 hadi 4 kila upande, na RG-6 hula dB 18 hivi kwa mita 100 kwenye MHz 750. QAM 256 huhitaji mawimbi safi zaidi ya 64 kwa takriban dB 6, kwa hiyo picha ikigandaganda kwenye chaneli chache tu, kagua kwanza konekta za F na viungio vya kusokota kwa mkono.

TV nyingi huweka orodha mbili, moja ya kila chanzo. Chache hufuta ya kwanza ukitafuta upya, basi tafuta mara moja kwa kila chanzo kisha uone yako ni ya kundi gani.

Na kama kuna ndugu anayetaka kukutumia TV kutoka Marekani, jua kwamba tyuna yake ni ya ATSC (mfumo wa TV wa huko), vipande vya MHz 6. Haitashika antena wala kebo ya hapa, chochote utakachochagua. Itafaa kwa HDMI ya king'amuzi tu, na soma kwanza kibandiko cha nyuma kama kinasema volti 100–240.