Kampuni inapunguza watu: nimwamini bosi?

Pole mdogo wangu. Umeuliza kama kampuni ya programu za kompyuta hapo Mjini Unguja inayopunguza watu yaweza kuwa na utu. Yaweza, ila usitazame machozi ya bosi, tazama karatasi. Meta, wenye Facebook, ilipotoa watu 11,000 Novemba 2022, wa Marekani walilipwa mshahara wa wiki 16, na wiki mbili zaidi kwa kila mwaka wa kazi. Mie niliambiwa nimepunguzwa Alhamisi magharibi. Laptopu ikafungwa kikombe cha chai bado ki mkononi.

Usitie saini siku hiyohiyo. Uliza notisi, likizo ulizobakisha, na michango ya ZSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, kama kweli inapelekwa. Sheria yetu Zanzibar ni ya Ajira Namba 11 ya 2005, si ile ya Bara. Wakikuzungusha, nenda Kamisheni ya Kazi na mkataba wako mkononi.