Wanaoanza kuchanganya kuku kwa rangi, nisikilizeni kwanza

Nyie mnaoanza kufuga na kila mmoja anataka kuku wa rangi yake, mie nipo huku Wete, nafuga mwaka wa saba huu na makosa yote nshayafanya, kwa hiyo yachukueni ya bure.

Kwanza jeni sio jini, nalisema khasa kwa sababu bibi yangu alinkataza nisilitaje neno hilo bandani wakati wa magharibi. Jeni ni kama maagizo tu, kifaranga anapewa moja na baba moja na mama, na moja inaweza ikamfunika mwenziwe, ndo maana kuku unayemuona mweusi ndani anaweza kuwa na rangi nyengine kabisa inakusubiri kwa wajukuu.

Sasa skiliza ya mistari, ile ya kuku aina ya Plymouth Rock, hii ndo itakupa pesa. Kwa kuku mambo yamegeuka sio kama kwetu binaadamu, jogoo ndo mwenye kromosomu mbili za jinsia zilofanana (kromosomu ni vijiuzi vinavobeba jeni), koo anayo moja tu ya aina ile, na jeni ya mistari imekaa humo humo. Maana yake koo wa mistari anawarithisha wanawe wa kiume tu, wa kike wanaangalia kwa baba yao. Ukimpa koo wa mistari jogoo mweusi au mwekundu asiye na mistari, vifaranga wanatoka weusi, na siku ile ile wanapokauka unatizama utosini, mwenye kibaka cheupe ni jogoo, asiye nacho ni mtetea. Hungoji miezi miwili kujua nani wa kuuza nani wa kubaki.

Mie nini nikafanya? Nkanunua jogoo wa mistari kwa uzuri wake, nkamtia kwa koo weusi wanne. Vifaranga wote wakatoka na vibaka, wa kike na wa kiume, nkabaki nawatizama tu kama mtu aloambiwa asome khati asoijua. Mpango ni ule ule ila umeupindua, basi haufanyi kazi.

Weupe nao sio mmoja. Kuna weupe wa wale kuku wa mayai, Leghorn, huo unafunika, ukimchanganya na mweusi unapata weupe karibu wote ila wana vidoa doa vyeusi. Halafu kuna weupe mwengine unaojificha, jogoo mweupe kabisa lakini watoto wote wanatoka na rangi, na muuzaji ukamwita mwongo, kumbe hana kosa, weupe utaurudisha ukiwazalisha wale watoto na baba yao au wao kwa wao.

Rangi ya majivu usijisumbue kuisimamisha. Majivu kwa majivu wastani nusu wanatoka majivu, robo weusi, robo weupe wenye mabaka. Ukitaka majivu watupu chukua mweusi umtie na huyo wa mabaka, na usinijie na vifaranga vinane ukanambia hesabu haikutimia, vinane havitoshi kuhisabia kitu.

Ukibadilisha jogoo, mayai ya wiki tatu za mwanzo kula au uza, usiyaatamishe, mbegu ya yule wa zamani inakaa ndani ya koo muda wote huo na utakuja kulaumu jeni kwa kazi ya jogoo ulomchinja mwenyewe. Funga uzi wa rangi mguuni na uwe na daftari, mie simu ilinipotea na rekodi zote zikaenda nayo.

Na kidimu, wale manyoya yamejipinda, sio rangi lakini naulizwa kila siku: usimpe kidimu kidimu mwenziwe. Robo ya watoto watabeba jeni mbili, manyoya yao yanakatika katika wanabaki nusu uchi, na mvua za masika huku Pemba mnazijua. Kidimu na kuku wa kawaida, nusu watakuwa vidimu na wazima.