Maswali ya Wasomaji: Nenosiri Ninalo, Msimbo wa Nini Tena?

Barua za safari hii karibu zote zinalalamikia jambo moja: akaunti zinazokataa kufunguka kwa nenosiri peke yake na kudai hatua ya pili. Tumechagua zile zinazouliza kitu kinachojibika kwa vitendo. Zenye matusi tumeziweka pembeni, ingawa mengine yalitungwa kwa ufundi.

Swali: Nenosiri langu lina herufi 20 na sijawahi kumpa mtu. Kwa nini nalazimishwa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti yangu mwenyewe, na nauzimaje?

Jibu: Kwenye baadhi ya huduma hauzimiki tena. Apple humpa aliyeuwasha majuma mawili ya kughairi, na baadhi ya akaunti hazina hata muda huo; baada ya hapo sehemu ya kuuzima haionekani. Google ilianza mwaka 2021 kuwawashia watu bila kungoja waombe. GitHub, tovuti ya kuhifadhia miradi ya programu, nayo kuanzia 2023 imewalazimisha wanaochangia programu kwenye miradi yake.

Urefu wa nenosiri hukukinga dhidi ya anayebahatisha tu. Ukurasa bandia humeza herufi 20 kwa wepesi uleule unaomeza sita, na nenosiri lililotumika kwenye tovuti mbili huvuja mahali pamoja likafungua kwingine. Kampuni haina njia ya kujua kama wewe ni mwangalifu, hivyo inawapima wote kwa kipimo kimoja. Malalamiko yako yana haki hapa: usumbufu wote umehamishiwa kwako, na siku simu ikipotea ni wewe unayebaki nje.

Ila hata pale hatua ya pili isipoweza kukataliwa, aina yake kwa kawaida unaichagua mwenyewe. SMS ndiyo inayotolewa kwanza na ndiyo inayosumbua zaidi. Inategemea mtandao, inategemea laini, na tapeli akifanikiwa kuhamisha namba yako kwenye laini yake, misimbo inakwenda kwake. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliiweka kwenye kundi la njia za kutumiwa kwa tahadhari katika mwongozo wake wa 2017. Ukipata nafasi, weka programu ya misimbo (kama Google Authenticator), ufunguo wa siri (passkey, unaofunguliwa kwa kidole, uso au PIN ya kifaa) au ufunguo wa usalama (kifaa kidogo cha kuchomeka), na SMS ibaki akiba.

Swali: Naomba msimbo kwa SMS, hauji. Nikibonyeza "tuma tena" mara kadhaa, inaingia mitatu kwa mpigo na yote inakataliwa.

Jibu: Kwenye huduma nyingi kila ombi jipya linaua msimbo uliotangulia, na SMS hazifiki kwa mpangilio zilivyotumwa. Ulioingia mwisho kwenye simu unaweza kuwa ndio uliotumwa kwanza. Bonyeza mara moja, subiri dakika mbili kamili. Ukiendelea kubonyeza, huduma inaweza kukufungia kwa saa kadhaa, na hapo hata msimbo sahihi hausaidii.

Usipofika, washa hali ya ndege kwa sekunde kumi kisha uizime, angalia folda ya ujumbe taka, na kwa simu ya laini mbili hakikisha laini iliyosajiliwa ndiyo iliyo hewani. Simu za zamani zinazohifadhi SMS kwenye laini huacha kupokea laini ikijaa. Ukiwa nje ya nchi, huduma ya kutumia laini ugenini lazima iwe imewashwa, hata kama data unaipata kwa Wi-Fi. Tatizo likiwa la namba fupi tu, yaani SMS za watu zinafika lakini za kampuni hazifiki, muulize mtoa huduma wa laini kama ujumbe wa aina hiyo umezuiwa. Mara nyingi kuna chaguo la kupigiwa simu na kusomewa msimbo. Halina raha, lakini hupita pale SMS inapokwama.

Swali: Nataka kuachana na namba yangu ya zamani. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia kwenye akaunti, laini uiache mwisho. Namba isiyotumika hufungwa na baadaye hupewa mtu mwingine, naye ndiye atakayekuwa anapokea misimbo yako. Laini ya zamani ikiwa bado hai, ingia kwanza kwenye barua pepe, kwa sababu akaunti nyingine zote hurejeshwa kupitia humo. Ongeza namba mpya, ithibitishe, toka, ingia tena kwa namba mpya, ndipo ufute ya zamani. Kisha nenda kwenye benki, mitandao ya kijamii na kuendelea. WhatsApp ina sehemu yake ya kubadilisha namba ndani ya mipangilio ya akaunti. Ikiwa uliweka PIN ya tarakimu sita, ikumbuke kabla ya kuanza. Aliyeisahau na hakuweka barua pepe ya kuirejesha husubiri siku 7.

Swali: Programu ya misimbo inatoa tarakimu sita vizuri kabisa, lakini kila ninachoandika kinakataliwa. Juzi ilikuwa inafanya kazi.

Jibu: Tazama saa ya simu kabla ya kugusa kitu kingine.

Programu hii haiwasiliani na yeyote ili kutoa msimbo. Siku ulipopiga ile picha ya mraba wa QR, simu ilipokea mfuatano wa siri wa herufi na namba, na huduma ikabaki na nakala. Tangu hapo kila upande huhesabu ni vipindi vingapi vya sekunde 30 vimepita tangu 1 Januari 1970 kwa saa za UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia nzima, hukoroga hesabu hiyo pamoja na ile siri, na kutoa tarakimu sita. Utaratibu umeandikwa kwenye waraka wa RFC 6238 wa mwaka 2011. Ndiyo maana misimbo hutoka hata simu ikiwa haina laini wala intaneti. Na ndiyo maana saa ikipotoka, simu hutoa misimbo ya muda mwingine, yote ikiwa na sura ya kuaminika.

Kosa linalowanasa wengi ni hili. Simu imevuka ukanda wa saa huku saa yake ikiwa ya kupangwa kwa mkono. Inaonyesha 10:00, wenyeji wana 12:00. Mwenyewe anaisogeza mpaka 12:00 bila kugusa ukanda. Kioo sasa kinalingana na saa ya ukutani, lakini ndani simu inaamini dunia nzima imeruka saa mbili mbele, yaani vipindi 240. Kila msimbo itakaoutoa ni wa saa mbili zijazo. Huduma kwa kawaida huvumilia kipindi kimoja cha kuchelewa, si 240.

Fungua mipangilio ya tarehe na saa, washa saa ya mtandao na ukanda wa kujipanga wenyewe. Kama hakuna mtandao, panga ukanda kwanza, halafu saa. Rudi kwenye programu, subiri msimbo mpya uanze, uandike mapema. Usikimbizane na uliobakiza sekunde tatu.

Saa ikiwa sahihi na bado unakataliwa, hesabu majina kwenye orodha. Kila unapozima uthibitishaji na kuuwasha upya, siri mpya hutolewa na ya zamani inakufa, ila jina lake linabaki kwenye programu likitoa misimbo mizuri isiyofungua chochote. Mara nyingi utakuta mistari miwili yenye jina moja. Jaribu wa pili, na ukikubaliwa, badilisha jina la ule uliokufa kabla hujaufuta.

Swali: Nimenunua simu mpya. Nahamishaje misimbo bila kujifungia nje?

Jibu: Sheria ya kwanza: simu ya zamani isifutwe wala kuuzwa mpaka kila akaunti imejaribiwa kwenye mpya. Kufuta programu ya misimbo hakuzimi uthibitishaji. Kunakunyang'anya ufunguo tu, na mlango unabaki umefungwa.

Kwenye Google Authenticator kuna sehemu ya kuhamisha akaunti: simu ya zamani hutoa mraba wa QR, mpya inaupiga picha. Tangu Aprili 2023 programu hiyo inaweza pia kuhifadhi misimbo kwenye akaunti ya Google. Ni rahisi, lakini basi akaunti hiyo ndiyo inayoshika funguo za nyingine zote, na msimbo wa akaunti hiyo yenyewe haupaswi kukaa humo peke yake. Aegis, kwa wenye Android, hutoa faili lililofungwa kwa nenosiri unaloweza kulihifadhi popote. Baadhi ya programu hazitoi nakala kabisa. Kwa hizo itabidi uingie akaunti moja moja na kusajili simu mpya.

Jaribio halifanywi kwa kutoka kwenye akaunti. Bakia ndani kwenye dirisha moja la kivinjari, fungua dirisha la faragha, uingie humo kwa msimbo wa simu mpya. Ukikataliwa, bado uko ndani kwenye dirisha la kwanza na unaweza kurekebisha.

Kwa akaunti utakazofungua baadaye kuna njia ambayo kampuni hazipendi kuitangaza: mraba wa QR unaweza kupigwa picha na vifaa viwili kabla hujabonyeza "endelea". Vyote vitatoa msimbo uleule kila sekunde 30. Chini ya mraba kwa kawaida kuna kiungo cha wasioweza kuupiga picha. Kinaonyesha siri yenyewe kwa herufi A hadi Z na tarakimu 2 hadi 7. Inakili kwenye karatasi na uifungie. Kwa siri hiyo, simu yoyote itakayokuja inaweza kurudishiwa misimbo, hata kama ile ya kwanza iko chini ya maji. Ila usiiache kama picha kwenye simu ileile, maana vitapotea pamoja.

Swali: Nimeweka alama kwenye "kiamini kifaa hiki", lakini kesho yake naulizwa tena.

Jibu: Imani hiyo huandikwa kwenye kidakuzi, faili dogo ambalo tovuti huliacha ndani ya kivinjari. Kivinjari kinachofuta vidakuzi kikifungwa, dirisha la faragha, au programu ya kusafisha kompyuta huondoka nayo kila siku. Ruhusu vidakuzi vya tovuti hiyo moja vibaki. VPN inayobadilisha nchi kila saa nayo huifanya huduma ikushuku. Baadhi ya benki huuliza kila mara kwa makusudi, na hapo hakuna cha kurekebisha.

Panapokubaliwa ufunguo wa siri, uchukue. Unafungua kwa alama ya kidole, uso au PIN ya kifaa, hakuna tarakimu za kunakili, na haukubali kutumika kwenye tovuti bandia kwa sababu umefungamanishwa na anwani halisi.

Swali: Mzazi wangu hana simu janja, ila ana kompyuta. Afanyeje?

Jibu: KeePassXC, programu ya bure ya kompyuta, hutoa misimbo ileile ya sekunde 30. Bora zaidi kwa mtu mzima asiyependa tarakimu ni ufunguo wa usalama, kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye USB na kukigusa. Nunueni viwili, kimoja cha akiba. Apple hata haikubali kusajili kimoja peke yake.

Chapisheni pia misimbo mbadala, ya kuingilia njia nyingine zikikwama. Google hutoa 10 yenye tarakimu nane kila mmoja, na kila mmoja hutumika mara moja. Ukitengeneza seti mpya, ya zamani yote inakufa, kwa hiyo andikeni tarehe juu ya karatasi.

Swali: Programu yangu ya zamani ya barua pepe inakataa nenosiri sahihi.

Jibu: Haijui kuuliza hatua ya pili. Tengeneza nenosiri la programu kwenye mipangilio ya usalama ya akaunti. La Google lina herufi 16, na huonyeshwa mara moja tu. Ukibadilisha nenosiri kuu, haya ya programu yanafutwa, ndiyo maana barua pepe au printa hunyamaza ghafla siku hiyo.

Swali: Simu inanitumia maombi ya kukubali kuingia usiku, nami silijui jambo hilo.

Jibu: Mtu analo nenosiri lako na anategemea utachoka ubonyeze "ndiyo". Kataa, badilisha nenosiri mara moja, na utoe vifaa vyote usivyovijua. Kwa sababu ya mchezo huu, Microsoft tangu Mei 2023 inataka uandike namba inayoonekana kwenye kioo cha anayeingia. Akipiga mtu akiomba umsomee msimbo, awe amejitambulisha kama nani, kata simu.

Swali: Nimeshafungiwa nje. Simu imepotea, misimbo mbadala sina.

Jibu: Kwanza irudishe namba: mtoa huduma wa laini hukupa laini mpya yenye namba ileile ukithibitisha wewe ni nani, na mara nyingi hilo pekee linatosha. Ikishindikana, anza urejeshaji kutoka kwenye kompyuta, kivinjari na mahali ulipozoea kuingilia, kwa kuwa huduma hupima hayo. Jaza fomu mara moja kwa makini. Kuijaza tena na tena kwa majibu tofauti hukufanya uonekane mwizi. GitHub inasema wazi kwamba huenda isiweze kukurudishia akaunti. Anayedai ada mtandaoni ili "akufungulie" ni tapeli wa pili.

Kwa Apple utapewa muda wa kusubiri, pengine siku kadhaa, na hakuna wa kumpigia ili aufupishe. Katika muda huo zima vifaa vingine vilivyoingia kwenye akaunti hiyo: ikionekana inatumika, ombi linafutwa lenyewe na unaanza upya.