Barua kwa mwanangu: kuhusu kikoba chenu

Mwanangu,

Unauliza kama utoke kwenye kikoba cha kazini, hicho chenu cha kuweka akiba na kukopeshana, kwa kuwa wameamua kila mkopo urudi na asilimia 10 na wewe moyo umekataa riba. La riba waulize masheikh. Mimi nitakwambia la watu.

Shangazi yako unamjua. Mwaka ule tulipovunja kikoba chetu ili tugawane, barazani kwa mama yako mkubwa, kila mtu alihesabiwa hisa zake alizoweka na faida yake iliyotokana na riba ya mikopo. Shangazi akachukua hisa, faida akaisukuma kwa vidole viwili mpaka katikati ya mkeka. "Hii si yangu." Hakuongeza neno, lakini sote tulisikia: nanyi mnakula haramu. Mimi yangu nilishaifunga pindoni mwa khanga. Mpaka leo nikikumbuka natahayari, kisha nakasirika. Si angeipokea akaitoa njiani, nani angejua? Haya, angejua yeye.

Wenzangu wakataka kumpoza, wamnunulie doti ya khanga badala ya pesa. Ndipo alipowaka kweli! Mtu ukimpunja hisa mtapatana. Ukitaka kumnunua dini yake, kila unapopandisha bei unazidi kumtukana. Nasema kila siku, kikundi hakifi kwa deni, kinakufa kwa minong'ono. Na minong'ono ilianza usiku uleule.

Basi mwaka uliofuata tukachagua washika funguo za sanduku, kufuli tatu, watu watatu. Waliomnunia ndio wa kwanza kumtaja. Asiyegusa hata anachopewa, atagusa chetu? Akapewa ufunguo. Kisha binti wa mwenyekiti alipoolewa, shangazi yako hakuitwa hata kupeta mchele. Watu walewale! Mimi hilo halijanikaa sawa mpaka leo.

Baba yako angesema toka, yaishe. Mimi nakuona una ulimi mkali kuliko shangazi yako, na ukibaki… basi, nisikuamulie, mtu mzima wewe. Ila mmedhaminiana watano watano, na kama mmoja wenu bado ana mkopo, sahihi yako iko pale. Ukitoka katikati ya mzunguko, wanne watalipa na kunong'ona, na nimeshakwambia minong'ono inafanya nini. Muulize katibu nani anadaiwa na kiasi gani, kisha nipigie. Kabla ya isha, nalala mapema siku hizi.

Mama yako