Kigoma hadi Uvinza kwa baiskeli: hesabu vijito kabla ya kilomita

Wanaoanza kuendesha masafa marefu hapa Kigoma huja na swali lile lile: Uvinza ni kilomita ngapi? Ni zaidi ya mia moja, na mwenye pumzi nzuri akisikia kuna lami husema zinaendeka. Hata mimi nilisema hivyo. Nikaangalia kwamba Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari na Uvinza ni karibu mita 1,000, nikatoa, nikabaki na mita mia mbili na kitu. Kilima kidogo, nikajiambia. Nilifika Uvinza jioni miguu inatetemeka, na kesho yake nikarudi mjini juu ya lori, baiskeli imelazwa kwenye magunia ya chumvi.

Hesabu ya kutoa ilikuwa sahihi, ila haikuwa hesabu ya njia ile. Tunasema tunakwenda bonde la Malagarasi kana kwamba barabara inapanda na mto mmoja taratibu hadi mwisho. Sivyo. Unaanza na bonde la Luiche, penye mpunga na michikichi, kisha unaliacha kwa kupanda. Baada ya Kidahwe kuna vijito kimoja baada ya kingine, na penye kijito barabara inateremka mpaka darajani kisha inakudai upande wa pili ulichokipata kwenye mteremko. Mita mia mbili zile utazipanda mara nyingi.

Kwa hiyo usiku wa kabla ya safari fungua ramani, pitisha kidole juu ya barabara, na kila mstari wa bluu unaoikata uandike. Mimi huandika kwenye kipande cha plasta nakibandika kwenye fremu mbele yangu: kijito, kilima, kijito, kilima, kijiji. Hesabu hata vile vinavyokauka Julai, maana maji yakiondoka bonde linabaki. Ukishajua kilima kinachofuata kiko wapi, hutamaliza nguvu kwenye cha kwanza kwa kudhani ndicho cha mwisho. Wala usiipime barabara kwa reli inayokwenda upande huo huo. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na walioijenga waliizungusha kukwepa mwinuko mkali kwa sababu treni haiuwezi. Barabara haikuonei huruma hiyo.

La pili ni jua, na hili huwakamata zaidi wageni wa kutoka Pwani. Tuko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam. Julai jua la Kigoma huchomoza saa moja na dakika kama kumi, zaidi ya nusu saa baada ya la Dar. Aliyezoea kuondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri ataendesha gizani zaidi ya saa nzima, na katika giza hilo kuna mbuzi na kuna baiskeli za mkaa zisizo na taa. Ondoka saa moja kasoro kidogo, kukiwa kumepambazuka.

Mchana nao umesogea. Jua la utosi hapa ni baada ya saa saba, na joto huendelea hadi saa tisa na zaidi. Mara ile ya kwanza nilipumzika Kazuramimba, kijiji cha njiani, kuanzia saa tano na nusu hadi saa saba, nikaamini nimelikwepa jua. Kumbe nilikuwa nalisubiri lifike. Siku hizi nafika Kazuramimba mapema, nakula, napitiliza. Kama nimechelewa, nakaa kivulini hadi saa tisa na nusu. Jioni ina mwanga hadi karibu saa moja, itumie. Kiangazi kusi hupuliza kutoka kusini-mashariki, nawe unaelekea huko, basi usijilaumu kwa mwendo wa pole.

Maji: weka nusu lita hadi lita nzima kwa kila saa ya kuendesha, na chumvi kidogo na sukari kwenye chupa moja. Maji ya mtoni usinywe bila kuchemsha. Ukipita kijijini salimia kwanza ("Mwakeye", salamu ya Kiha, inatosha asubuhi), ndipo uulize kisima au mama ntilie. Ugali wa muhogo na dagaa hukaa tumboni vizuri kuliko biskuti.

Fundi wa baiskeli utampata, ila vifaa vyake ni vya baiskeli za mizigo. Tyubu za tairi nyembamba hana, na pampu yake haiingii kwenye valvu nyembamba. Beba tyubu mbili, viraka, solusheni na pampu yako. Miomboni mbung'o hupenda rangi ya bluu na nyeusi. Vaa ya kupauka.

Ukifika Uvinza lala. Hapa mto Ruchugi unaingia Malagarasi, na watu wamechemsha chumvi ya chemchemi zake kwa zaidi ya miaka elfu moja. Nenda ukautazame mto jua likizama, lakini usishuke kuoga, mamba wapo. Kuendelea hadi Daraja la Kikwete ni kilomita hamsini nyingine. Uliza madereva wa malori hali ya njia kabla hujaamua.

Asubuhi ya kurudi soma plasta yako kuanzia chini kwenda juu, maana miteremko ya jana sasa ndiyo vilima. Mteremko wa mwisho kuingia Luiche ni mrefu, nawe umechoka. Bana breki zote mbili, achia, bana tena, rimu zipoe, na kaa kushoto: malori ya chumvi yanashuka nyuma yako, nayo pia yana haraka ya kufika.