Jibu: Bei ya gari yadini Kisumu

Dada, umesema yadi moja ya magari hapo Kisumu imekutajia shilingi milioni 1.6 kwa gari lililotoka Japani, na hujui kama ni bei ya haki. Usianze kuomba upunguziwe kabla hujaichambua bei yenyewe. Tafuta gari kama hilo, la mwaka na injini hiyo hiyo, linauzwa pesa ngapi kule Japani, kisha ongeza nauli ya meli na bima hadi Mombasa. Halafu ushuru, na hapa wengi hukosea: KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, haiendi na risiti yako. Ina orodha yake ya bei, inayopunguzwa kulingana na umri wa gari, kwa hiyo hata ukinunua rahisi kule, ushuru unaweza kubaki mzito. Weka pia ada ya wakala bandarini na ya dereva wa kulileta huku. Toa jumla hiyo kwenye bei waliyokutajia; kinachobaki ni faida ya yadi, na hapo ndipo pa kuzungumzia.

Nenda asubuhi injini ikiwa baridi, na fundi wako mwenyewe, si wa yadi. Mimi nilipokuwa nanunua Nakuru niliinama na tochi ya simu nikasoma matairi: 3514, yaani yalitengenezwa wiki ya 35 ya 2014. Mpira ulikuwa umeshapasuka pembeni. Nilimwonyesha muuzaji, akapunguza bei ya gari kwa thamani ya matairi manne palepale.

Ukichukua mkopo wao, uliza jumla utakayolipa mpaka mwisho, si ya mwezi tu. Na kama gari lina namba za Kenya tayari, usiache hata shilingi ya kulishikilia kabla hujathibitisha mmiliki wake kwa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali.